Draiva ya kanzidata kwenye PHP: mwongozo kamili kwa wenye seva za Linux

Simu iliingia jioni, wiki ya kwanza ya mauzo ya korosho. Karani wa chama cha msingi kimoja upande wa Tandahimba aliniambia, "Fundi, mizani inapima vizuri, ila kompyuta haipokei kitu. Watu wamejaa hapa na magunia yao." Akanisomea neno kwa neno kilichokuwa kwenye skrini:

```
could not find driver
```

Siku mbili kabla ya hapo mfumo wao ulikuwa umehamishiwa seva mpya. Kanzidata ilikuwa hai na data zote zimo. PHP, lugha inayoendesha kurasa zao, nayo ilikuwa hai, kurasa zisizogusa data zilifunguka bila shida. Kilichokosekana ni kifurushi kimoja kidogo kuliko picha ya simu. Kwa ajili yake wakulima waliosafirisha mzigo kwa bodaboda tangu alfajiri walikaa ghalani mpaka usiku. Naandika hatua zote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe kila ninapowekewa seva mpya mbele yangu.

Kwa nini PHP haijui kanzidata yako

Kabla Daraja la Umoja la Mtambaswala halijafunguliwa mwaka 2010, watu walikuwapo ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, na bidhaa zilikuwapo. Lori ndilo lililokosa pa kupita. PHP na kanzidata zimekaa hivyo hivyo. Kusakinisha PHP hakuleti uwezo wa kuongea na kanzidata kama MySQL, na kusakinisha MySQL hakuifundishi PHP lolote. Katikati panahitajika moduli, ambayo mafundi tunaiita draiva.

Kwenye Debian na Ubuntu moduli hizi zimetengwa katika vifurushi vyake makusudi. Mwenye tovuti inayotumia PostgreSQL hana haja ya kubeba msimbo wa MySQL, na msimbo usiokuwapo kwenye seva hauna tundu la kuingilia mwizi. Mimi naona ni uamuzi mzuri, ingawa ndio unaowaangusha wengi siku ya kwanza.

Jambo moja linachanganya sana. PDO, yaani njia ya pamoja ya PHP kuongea na kanzidata za aina mbalimbali, huja na kifurushi cha msingi (`php8.3-common`, kwa mfano). Lakini PDO peke yake haiongei na kanzidata yoyote. Ni kama soketi ya ukutani isiyo na waya nyuma yake. Ndiyo maana ujumbe haukusema PDO haipo, ulisema draiva haijaonekana. Ukiusoma hivyo unajua mara moja uende wapi.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho

Ingia kwenye seva, kisha uulize mambo matatu:

```
cat /etc/os-release
php -v
php -m | grep -iE 'pdo|mysql|pgsql|sqlite'
```

Amri ya kwanza inakutajia mfumo na toleo lake. Ubuntu 22.04 huja na PHP 8.1, Ubuntu 24.04 huja na 8.3, Debian 12 ina 8.2 na Debian 13 ina 8.4. Ukikuta toleo jingine kabisa, basi kuna mtu aliongeza hazina ya vifurushi ya nje. Andika pembeni, maana tutarudi huko.

Usiishie hapo. Majibu ya `php -v` na `php -m` ni ya PHP ya kwenye skrini ya amri. PHP inayohudumia kurasa za wavuti inaweza kuwa nyingine. Weka faili hili kwenye folda ya tovuti, ulipe jina gumu kukisia, kisha ulifungue kwenye kivinjari:

```
<?php
header('Content-Type: text/plain');
echo PHP_VERSION, "\n", PHP_SAPI, "\n", php_ini_loaded_file(), "\n";
foreach (['pdo_mysql', 'mysqli', 'pdo_pgsql', 'pdo_sqlite'] as $m) {
    echo $m, ': ', extension_loaded($m) ? 'ipo' : 'haipo', "\n";
}
```

Ukishasoma majibu, lifute. Nimeshakuta seva ambazo faili la namna hii lilisahaulika miaka mitatu, na mpita njia yeyote akawa anasoma toleo la PHP na njia za mafaili yake.

Hatua ya pili: chagua kifurushi sahihi

Kwa MySQL na kwa MariaDB kifurushi ni kimoja. MariaDB ilichipuka kutoka MySQL mwaka 2009 na bado zinaelewana lugha, kwa hiyo usihangaike kutafuta kifurushi cha PHP chenye jina la MariaDB. Kwenye Debian na Ubuntu kinaitwa `php8.3-mysql`, ukibadilisha namba kulingana na toleo lako, na ndani yake zimo `mysqli`, `mysqlnd` na `pdo_mysql`. Kwa PostgreSQL ni `php8.3-pgsql`. Kwa SQLite ni `php8.3-sqlite3`. Kwenye Rocky, AlmaLinux na jamaa zao za Red Hat, majina ni `php-mysqlnd`, `php-pgsql` na `php-pdo`. Hicho cha mwisho ndicho kinachobeba SQLite.

Kifurushi hiki hakileti kanzidata yenyewe. Ikiwa MariaDB iko kwenye mashine nyingine, seva ya wavuti inahitaji draiva tu.

Kompyuta moja ghalani, yenye karani mmoja, isiyoungwa na mtu mwingine, haina haja ya MariaDB hata kidogo. SQLite inatosha kabisa: faili moja, hakuna huduma ya kuwasha wala nywila ya kusahau. Ninayoeleza chini yanahusu MariaDB kwa sababu vyama vingi vina zaidi ya kituo kimoja cha kupimia.

Sasa ile hazina ya nje. Kuna jina lisilo na namba, `php-mysql`. Kazi yake ni kukuelekeza kwenye toleo ambalo mfumo unalihesabu kuwa la kawaida. Kwenye Ubuntu isiyoguswa, halina neno. Ukiwa umeongeza hazina yenye matoleo mengi ya PHP, jina hilo linaweza kukuletea draiva ya 8.4 wakati tovuti yako inaendeshwa na 8.3. Apt, programu ya kusakinisha vifurushi, itakuambia kazi imekamilika, na kweli imekamilika, ila kwa PHP usiyoitumia. Andika namba kila mara.

Hatua ya tatu: sakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install php8.3-mysql
sudo systemctl restart php8.3-fpm
```

Hiyo `php8.3-fpm` ni huduma inayoendesha PHP ya wavuti. Ikiwa seva yako ya wavuti ni Apache na inaendesha PHP ndani yake yenyewe, mstari wa mwisho uwe `sudo systemctl restart apache2`. Kwenye Rocky ni `sudo dnf install php-mysqlnd`, kisha `sudo systemctl restart php-fpm`. Kuwasha upya ni lazima ukufanye na ukuhakikishe, kwa sababu PHP husoma orodha ya moduli zake inapoanza tu.

Sisi wa kusini tuna la kuongeza. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima, na aliyekuwa katikati ya kusakinisha alibaki na seva nusu. Tangu hapo napakua kwanza, nasakinisha baadaye:

```
sudo apt install --download-only php8.3-mysql
ls /var/cache/apt/archives/*.deb
```

Nakili mafaili hayo kwenye flashi. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha, maana `apt` hufuta vifurushi ilivyopakua ikishamaliza kuvisakinisha, tofauti na `apt-get` inayoviacha. Siku ya shida, weka flashi na uandike `sudo apt install ./*.deb` ukiwa ndani ya folda hiyo. Angalizo: `php8.3-mysql` hudai `php8.3-common` ya toleo lile lile hasa, mpaka tarakimu ya mwisho. Kwa hiyo beba vifurushi vyote vya PHP vya siku moja, usichanganye vya Machi na vya Septemba.

Hatua ya nne: hakikisha PHP mbili zinakubaliana

Hapa ndipo palipoliwa muda mwingi kuliko kwingine kote katika kazi zangu, kwa hiyo twende polepole.

Fungua `/etc/php/8.3/`. Utakuta folda `cli` ya skrini ya amri, `fpm` au `apache2` ya wavuti, na `mods-available` yenye mafaili ya moduli zote. Kila moja kati ya zile za kwanza ina `conf.d` yake, na ndani ya `conf.d` kuna viungo vinavyoelekea `mods-available`. Moduli inaweza kuwa imewashwa kwa upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Tazama:

```
ls /etc/php/8.3/fpm/conf.d/ | grep -E 'pdo|mysql'
```

Unatarajia kuona `10-mysqlnd.ini`, `10-pdo.ini`, `20-mysqli.ini` na `20-pdo_mysql.ini`. Namba za mwanzo ni zamu: zenye 10 hutangulia zenye 20, kwa kuwa `pdo_mysql` haiwezi kusimama kabla PDO na `mysqlnd` hazijasimama. Mtu akiunda kiungo kwa mkono na kukosea namba, moduli inakataa kupakiwa. Usiunde kwa mkono. Tumia:

```
sudo phpenmod -v 8.3 -s fpm pdo_mysql mysqli
sudo systemctl restart php8.3-fpm
```

Niliwahi kukesha Mikindani na seva iliyosema "ipo" kwenye skrini ya amri na "haipo" kwenye kivinjari, huku kila folda iko sawasawa. Seva ile ilikuwa na PHP 8.1 na 8.3 kwa pamoja, na nginx, programu ya seva ya wavuti, ilikuwa bado inapeleka maombi kwenye soketi ya 8.1, yaani faili ambalo PHP hiyo hupokelea maombi. Nilikuwa naipamba nyumba ambayo mgeni haingii. Tangu siku ile, kabla sijagusa moduli nauliza nginx inaelekea wapi:

```
grep -Rn fastcgi_pass /etc/nginx/
```

Ukiona `/run/php/php8.1-fpm.sock` nawe umesakinisha draiva ya 8.3, umeshapata ugonjwa. Rekebisha mstari huo, pima usahihi wa mpangilio kwa `sudo nginx -t`, halafu `sudo systemctl reload nginx`.

Hatua ya tano: kanzidata, jedwali na haki

Kwenye Debian na Ubuntu, mkuu wa MariaDB huingia kwa `sudo mariadb` bila nywila, kwa sababu anatambulika kwa akaunti ya mfumo. Ndiyo maana programu yako haiwezi kuingia kama `root`, na haipaswi kujaribu. Iundie mtumiaji wake:

```
CREATE DATABASE korosho CHARACTER SET utf8mb4;
USE korosho;
CREATE TABLE mizani (
  id INT UNSIGNED AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  namba_mkulima VARCHAR(20) NOT NULL,
  kijiji VARCHAR(60) NOT NULL,
  kilo DECIMAL(8,2) NOT NULL,
  daraja TINYINT NOT NULL,
  imepimwa DATETIME NOT NULL DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP
);
CREATE USER 'karani'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila-ndefu-yako';
GRANT SELECT, INSERT ON korosho.mizani TO 'karani'@'localhost';
```

Kilo nimeziweka `DECIMAL`, si `FLOAT`. Aina ya pili huhifadhi desimali kwa kukadiria, na makadirio yakijumlishwa kwa maelfu ya magunia hayatalingana na kitabu cha mkono. Mkulima analipwa kwa kilo. Hapa sikubali kukadiria.

Haki nimetoa mbili tu, kusoma na kuongeza. Programu ya kupimia haina ruhusa ya kufuta wala kubadilisha uzito ulioandikwa. Karani akikosea, anaongeza mstari wa marekebisho na ule wa awali unabaki. Wapo watakaokuambia hii ni kujisumbua. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha chama ambapo kilo za mtu hazionekani hatasema hivyo.

Saa nayo. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Gunia lililopimwa saa mbili asubuhi litaandikwa saa kumi na moja alfajiri, na la saa nane usiku litaingia tarehe ya jana. Rekebisha kabla ya rekodi ya kwanza:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart mariadb
```

Upande wa PHP, weka `date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam` kwenye `php.ini` ya wavuti na ya skrini ya amri.

Hatua ya sita: unganisha

Nywila isikae ndani ya folda ya tovuti. Iweke kwenye `/etc/korosho/siri.php`, faili linalorudisha neno hilo tu kwa `return`, kisha ulifunge:

```
sudo chown root:www-data /etc/korosho/siri.php
sudo chmod 640 /etc/korosho/siri.php
```

Msimbo wenyewe:

```
<?php
$pdo = new PDO(
    'mysql:host=localhost;dbname=korosho;charset=utf8mb4',
    'karani',
    require '/etc/korosho/siri.php',
    [PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES => false]
);
$andika = $pdo->prepare(
    'INSERT INTO mizani (namba_mkulima, kijiji, kilo, daraja)
     VALUES (?, ?, ?, ?)'
);
$andika->execute([$namba, $kijiji, $kilo, $daraja]);
```

Zile alama za kuuliza zina kazi kubwa. Wengi bado wanaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Jaribu kuandika Ng'apa, ile ya Lindi, kwa mtindo huo. Alama iliyo katikati ya jina inafunga neno lililo ndani ya alama za nukuu za SQL kabla ya wakati wake na rekodi inagoma. Mfumo usioweza kuandika jina la kijiji cha watu haufai kwetu, na mlango huo huo unaolikataa jina ndio mwizi anaoutumia kupenyeza amri zake. Ukitumia `prepare`, jina hupita kama lilivyo.

Tangu PHP 8.0, PDO hurusha kosa lenyewe jambo likiharibika. Kwenye matoleo ya nyuma ilikuwa kimya usipoiagiza kwa `PDO::ERRMODE_EXCEPTION`.

Ukigonga ukuta

Ujumbe wa kosa unasema ukweli ukiusoma wote. `could not find driver` tumeshaumaliza: rudi hatua ya pili na ya nne. `Call to undefined function mysqli_connect()` ni dada yake, ila hapa inayokosekana ni `mysqli`.

`Call to undefined function mysql_connect()`, bila ile herufi i, ni habari nyingine kabisa. Moduli hiyo iliondolewa katika PHP 7.0, Desemba 2015, na hakuna kifurushi kitakachoirudisha. Mifumo ya zamani ya ada za shule na ya wagonjwa bado inayo. Dawa ni kuandika upya sehemu zinazogusa kanzidata. Usikubali kuwekewa PHP 5 ili tu iwake. Haipati tena marekebisho ya usalama.

`[2002] No such file or directory` huwatisha wengi wakidhani faili la PHP limepotea. Ukiandika `localhost`, draiva haipiti kwenye mtandao. Hutafuta faili la soketi, ambalo kwenye Debian na Ubuntu ni `/run/mysqld/mysqld.sock` na kwenye Rocky ni `/var/lib/mysql/mysql.sock`. Ama MariaDB imelala, ama soketi iko pengine. Anza na `systemctl status mariadb`. `[2002] Connection refused` hutokea umeandika `127.0.0.1` au anwani ya mashine nyingine na hakuna anayesikiliza kwenye poti 3306.

Ukiona `[1045] Access denied`, shangilia kidogo: draiva ipo na imefika mlangoni. Kilichobaki ni nywila, au mtumiaji aliyeundwa kwa `'localhost'` anayejaribu kuingia kutoka mashine nyingine.

Kwenye Rocky kuna mtego wa ziada. Kila kitu kiko sawa, skrini ya amri inaunganisha, wavuti inakataliwa kufika kanzidata iliyo mashine nyingine. Huyo ni SELinux, mlinzi wa ndani wa mfumo. Watu humzima mzima mzima. Mpe ruhusa hiyo moja tu:

```
sudo setsebool -P httpd_can_network_connect_db 1
```

Kabla ya kuhama seva tena

Kilichowakuta wale wa Tandahimba kingeonekana mapema kama orodha ya vifurushi vya seva ya zamani ingechukuliwa. Ichukue leo:

```
dpkg --get-selections 'php*' > orodha-php.txt
sudo mariadb-dump --single-transaction korosho | gzip > korosho-$(date +%F).sql.gz
```

Ikiwa mradi wako unatumia Composer, yaani programu ya kusimamia vifurushi vya PHP, andika `"ext-pdo_mysql": "*"` kwenye sehemu ya `require` ya `composer.json`. Kwenye seva mpya, amri ya `composer check-platform-reqs` itakutajia kinachokosekana. Nayo huendeshwa na PHP ya skrini ya amri, kwa hiyo lile faili la majaribio la hatua ya kwanza bado unalihitaji kwa upande wa wavuti.

Uhamisho wenyewe ufanye Agosti, au Septemba mwanzoni. Pima gunia moja la mfano, liandike, lisome tena, zima seva, iwashe, ulisome mara ya pili. Oktoba ikifika, usiguse tena seva hiyo mpaka mnada wa mwisho.